Landrover 109 ya mnada wa Uingereza kupitia wakala wa Dar: nyota 3, na hiyo ya tatu nimeitoa kwa huruma

Kila nikipaki pale soko kuu Mtwara lazima mtu aje azunguke gari, apige boneti kwa vidole halafu aulize hii chuma umeitoa wapi na shing'ngapi. Nimechoka kurudia, naandika mara moja.

Gari ni Landrover Series III ya 1978, ile ndefu, 109 (yaani inchi 109 toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma), injini ya petroli lita 2.25. Nimeinunua kwenye mnada wa mtandaoni Uingereza, aliyenisimamia ni wakala yupo Dar ambae jina lake silitaji, yeye mwenyewe akisoma atajijua. Kwanini 109 na sio Land Cruiser Mkonga kama watu wenye akili? Kwa sababu ya mjomba. Mjomba alikuwa nayo Newala, anapakia watu na mihogo kutoka Kitangari, enzi hizo daraja la Mkapa halijafunguliwa (lilifunguliwa 2003) na masika yakianza huku kusini tunakuwa kama kisiwa. Mimi nimekulia nyuma ya ile gari juu ya viroba. Sasa nimepata vijisenti vya korosho nikasema ngoja.

Huduma ya huyu wakala iko hivi: unampa aina ya gari na bajeti, anakutumia linki na picha kwa watsapu, unalipa dipoziti, yeye ndio anaweka dau kwa niaba yako. Anafanya Japani na Uingereza. Tofauti ya hizi mbili hakuniambia, nimeijua kwa kuumia.

Mnada wa Japani mtu baki haingii, lazima upitie mwanachama, ila kila gari inakuja na karatasi ya ukaguzi. Ina greidi, 4.5 au 4 ni safi, 3 inaanza kuchoka, R maana yake ilishapata ajali ikatengenezwa. Pembeni kuna mchoro wa gari umewekwa alama, A ni mikwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, halafu namba inakuambia ni kidogo au kubwa. Jamaa yangu wa Lindi alichukua Land Cruiser 60 kwa karatasi hiyo, ilipofika wala hakushangaa kitu, kila donda lilikuwa limeandikwa. Huku Uingereza nilikonunua mimi unapewa picha mia na kitu, video ya kuwasha injini na maelezo matamu ya muuzaji, basi. Kukagua ni macho yako, au umlipe mtu aende. Mimi NILILIPA mtu aende. Tutarudi hapo.

Kwenye bei sasa, ambapo wengi tunapigwa. Sisi wa Mtwara na Lindi mnada hatufundishwi, tunauza korosho kwa mnada, tunajua kwamba bei ya mwaka jana haikulindi mwaka huu, 2018 wakulima Newala na Tandahimba waliambiwa bei ya mnada wakakataa kuuza, na msimu wa 2024 kilo ikapita 4,000 watu wakachanganyikiwa. Sasa magari ni hivyo hivyo. Muuzaji anaweza kuwa na bei yake ya siri ambayo isipofikiwa gari haiuzwi, ndio kule kukataa kwetu kwa Newala. Nyingine zinauzwa bila bei ya siri, dau la juu linachukua hata kama ni hasara. Mimi mwanzoni nilikuwa naangalia bei watu WANAYOITAJA kwenye matangazo, kosa. Tangazo mtu anaweza kuandika pauni 15,000 likakaa miaka miwili. Angalia zilizouzwa kweli, minada mingi inaacha matokeo ya nyuma wazi, tafuta mwaka huo huo, bodi hiyo hiyo, halafu uanze kutoa: injini siyo yake ya kiwandani toa, karatasi za matengenezo hamna toa, chesesi (ile fremu ya chini inayobeba gari zima) imebadilishwa kuwekwa iliyopakwa zinki isishike kutu ONGEZA, tena ongeza sana.

Maana hapo kwenye chesesi ndio roho ya Landrover za zamani. Bodi yake ni aluminiamu, hailiwi na kutu kirahisi, kwa hiyo kwenye picha gari inang'aa kama bibi harusi. Chesesi ni chuma. Na kule Uingereza baridi likikaza wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, chumvi inaingia chini miaka arobaini, utajua mwenyewe. Ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva nao ni hivyo hivyo. Kwa hiyo picha 90 za bodi hazikusaidii, unataka picha kumi za uvunguni, na kama hazipo omba, ukinyimwa shusha dau au achana nayo. Nilimwambia wakala hivyo. Akasema mkaguzi wake ameenda, "chesesi iko solidi kaka, we lala." Kaka nikalala.

Siku ya mwisho mnada ulikuwa unafungwa saa 2 usiku ya kwao, kwetu saa 5 maana walikuwa kwenye majira ya baridi. Kikomo changu kilikuwa pauni 4,500. Dakika ya mwisho mtu akapandisha, na huu mnada ukipandisha mwishoni muda unaongezeka dakika mbili tena, yaani ile ya kuvizia sekunde ya mwisho haipo. Tukaanza. Wakala ananipigia simu kila dau, "kaka ongeza mia tu, mia tu, jamaa anachoka huyu." Katikati umeme ukakatika mtaa wa Chuno mzima (na gesi ya kufulia umeme inatoka hapo Msimbati jamani), nikabaki na bando na asilimia 11 za chaji natetemeka. Nyundo ikaanguka kwangu 5,200. Nilishangilia. Mke wangu akauliza umeshinda au umenunua? Sikumjibu, ila swali lilikuwa zuri, maana pauni 700 za juu sikununua gari, nilinunua hasira ya kutoshindwa na mtu nisiyemjua.

Hesabu hizi hapa, nilibadilishiwa pauni kwa 3,350. Nyundo 5,200, hiyo ni mil 17.4. Ada ya mnunuzi asilimia 6, pauni 312, wakala hakunitajia mpaka siku ya kulipa. Kuisafirisha mpaka bandarini kule, meli na bima, pauni 1,600. Mpaka hapo gari ipo Dar inaelea, mil 23.8, haijashuka. Kodi: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa sababu injini inazidi 2,000 cc, uchakavu asilimia 30 kwa sababu inazidi miaka kumi, VAT 18 juu ya vyote. Zinapandiana mgongoni, mwisho kwa kila milioni 10 ya gari kufika Dar unalipa kodi milioni 10 na laki sita na ushee. Kwangu ilikuja kama mil 25.4. Ongeza bandari, mtu wa kuklia mzigo bandarini, namba, na kamisheni ya wakala, nikagota kwenye 52. Yaani bei ya nyundo mara tatu. Kwa hiyo ukiona gari mtandaoni mil 17 ukasema mbona rahisi, zidisha kwa tatu kwanza ndio uongee na mkeo.

Nilienda kuichukua Dar mwenyewe. Kilomita 550 na zaidi mpaka Mtwara kwa mwendo wa 70, masikio yanapiga kelele, Somanga nikala samaki, watu wanapiga picha, raha siwezi kuficha. Haikuzima hata mara moja.

Halafu nikampelekea mjomba Newala. Shikamoo mjomba, marahaba mjomba (kwetu tunaitana hivyo hivyo pande zote mbili). Hakuangalia bodi wala hakukaa kwenye usukani. Aliomba nyundo ndogo, akaingia uvunguni na miaka yake 74, nikawa nasikia ko, ko, ko, halafu pu. Ko, ko, pu. Mikono miwili ya chesesi inayobeba bodi upande wa kushoto ni kutu iliyopakwa rangi nyeusi nzito. Akatoka akajifuta, akasema "mjomba, hii umeuziwa kangomba." Yaani umepimiwa kwa kikombe kisichojulikana ujazo.

Kuchomelea vyuma vipya fundi wa Magomeni alinifanyia kwa laki 9, kazi safi. Nikamtumia wakala picha na ile risiti ya ukaguzi niliyolipia, akajibu mkaguzi aliangalia "kwa macho". Nikamuuliza nyundo mtu anabeba wapi kama sio mkononi, mpaka leo tiki mbili za bluu.

Sasa nyota. Moja kwa kuwa pesa haikupotea, dau zote alinitumia skrinshoti na karatasi za gari zilikuja kamili, chesesi namba inafanana na ya kwenye kadi na ya kwenye kibao. Moja kwa kasi, wiki tisa tangu nyundo mpaka Dar. Ya tatu ya huruma. Mbili nimezishika mimi, moja ya ule ukaguzi, nyingine ya "mia tu, mia tu".

Ningemtumia tena? Kwa Japani ndio, kwa sababu karatasi ipo haongezi neno lake. Kwa Uingereza labda anipe video ya mtu anagonga chesesi na mimi nasikia. Na kikomo nitamwandikia kwenye meseji, simu naizima, nakwenda kulala kweli.

Juzi jamaa mmoja amenifuata pale mtaa wa Bima akaweka mil 40 mezani, anaitaka gari. Nikamwambia ngoja niongee na mjomba. Mjomba kasema huyo jamaa aiache kwanza wikiendi hii, ana mihogo yake Kitangari.