Dawa ya kupaka ndani ya tangi la petroli: nyota moja, na hiyo ni ya chupa ya pili

Seti ina chupa tatu: sabuni ya kuondoa mafuta, asidi ya fosfori ya kula kutu, na dawa nzito ya kupaka ndani ya tangi ili kutu isirudi. Nimeitumia kwenye tangi la Volkswagen Beetle lililolala miaka mingi na petroli iliyochacha.

Chupa ya tatu ndiyo balaa. Haikuchukua muda, utando ukaanza kubanduka vipande vipana kama gamba la nyoka. Beetle tangi lake liko mbele na petroli hutokea chini kabisa kupitia wavu mdogo, kwa hiyo kila kipande kinashukia palepale. Dalili zake zinapoteza hata mafundi: gari linawaka vizuri, linatembea dakika chache, linakosa nguvu, linazima. Likipumzika linawaka tena, maana mkondo wa petroli umekatika na kipande kimeachia wavu. Hapo watu hubadilisha pampu, na koili na kondensa za mfumo wa cheche, bure. Kipimo ni hiki: likianza kukosa nguvu, zima, subiri injini ipoe kidogo, chomoa hosi chini ya tangi na kinga petroli kwenye chombo. Ikitiririka kwa unyonge, fungua kifuniko cha tangi. Ikiongezeka, tundu la hewa limeziba. Isipoongezeka, ni wavu.

Karatasi ya maelekezo inasema tu "suuza, kausha, mimina". Kausha vipi? Maji hujificha kwenye maungio ya tangi, na chuma kilichotoka kwenye asidi hushika kutu upya ndani ya dakika. Suuza ya mwisho iwe ya asetoni au spiriti, kisha upepo wa moto kwa saa kadhaa, ukiwa nje na mvuke wote umeisha kabla hujawasha chochote cha umeme. Halafu ule ulimbo wa kahawia unaoachwa na petroli ya zamani: sabuni yao haiugusi, unataka asetoni. Na hakuna neno hata moja kuhusu kumwaga dawa iliyozidi. Ikituama chini, inakauka juu na kubaki laini ndani, na petroli yenye ethanoli inamalizia kazi.

Niliwaandikia nikiwatumia picha. Jibu: "Tangi lako lilikuwa chafu." Mstari mmoja, hata salamu hakuna. Tangi safi lingewahitaji ninyi kwa kazi gani?

Haki yao niwape: asidi ni nzuri mno. Geuza tangi kila nusu saa, na kutu ambayo nati na mnyororo nilivyotikisa ndani ya tangi havikuitoa inayeyuka, chuma kinabaki cha kijivu. Pengine hata utando ungeshika kwenye tangi dogo lisilo na kuta za ndani.

Hapana, hilo nalifuta. Ukishabanduka, kuuondoa ni kazi kuliko kutu yenyewe: unalowesha kwa dawa ya kutolea rangi, unatikisa nati humo ndani, unamwaga, unarudia, na kwenye kona bado haujatoka.

Mwenye tangi la kutu tu, lisilo na matundu, apite pembeni ya seti hii, aitoe kutu kwa umeme. Lioshe mpaka harufu ya petroli iishe kabisa, lijaze maji yenye soda ya kufulia (sodiamu kaboneti), kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 4. Ning'iniza kipande cha nondo katikati bila kugusa tangi, hasi ya chaja ya betri kwenye tangi, chanya kwenye nondo. Usitumie chuma cha pua (kile kisichoshika kutu), kinatoa sumu. Fanyia nje, gesi inayotoka inalipuka. Ukimaliza, suuza, kausha, zungushia mafuta ya injini kidogo, kisha lijaze petroli mpaka juu. Filta ifunge chini ya tangi, kamwe si kwenye chumba cha injini: hosi ikichomoka huko, petroli inamwagikia distribyuta (kigawa cheche) na gari linaweza kuungua.