Mafuta ya midomo: ya kununua kwanza na ya kuacha dukani

Midomo hukauka upesi kuliko uso kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na karibu haina tezi za mafuta. Shavu hujipaka lenyewe. Mdomo husubiri kupakwa. Maji yaliyo ndani ya ngozi huvutwa na hewa kavu, iwe ni upepo wa kipupwe kule Njombe, Makete na Mbeya, vumbi la Dodoma na Singida, au kiyoyozi kinachounguruma usiku kucha kwa ndugu zetu walioko Muscat na Dubai. Kwa hiyo unapotoa pesa kununua mafuta ya midomo, unachonunua hasa ni kifuniko cha kuzuia maji hayo yasipotee. Tumepanga mafuta haya kwa kigezo hicho: yanafunika vizuri kiasi gani, yanakaa muda gani, na je, hayauchokozi mdomo? Harufu, rangi na ubaridi wa mnanaa havimo kwenye hesabu, na mara nyingi ndivyo vinavyoharibu.

1. Mafuta ya mgando meupe, yasiyo na harufu

Kwa watu wengi haya ndiyo ya kununua kwanza. Robert Chesebrough alipata hataza yake Marekani mwaka 1872 akayapa jina la Vaseline, na mpaka leo wengi huita kopo lolote la aina hiyo vaselini, hata likiwa la kampuni nyingine. Katika vitu vinavyopatikana kwa urahisi, ni vichache vinavyozuia maji kutoka kwenye ngozi kama haya. Hayachachi, ni nadra kumletea mtu mzio, na kwa kila gramu ni ya bei nafuu kuliko kijiti chochote cha mafuta ya midomo.

Ukiwa dukani, geuza kopo usome nyuma. Orodha fupi ndiyo unayoitafuta: Petrolatum, au White Petroleum Jelly, basi. Ukikuta neno Parfum, yaani manukato, hayo yapake miguuni. Usidanganywe na picha ya mtoto mchanga kwenye kopo. Mengi yanayouzwa kama ya watoto yametiwa harufu. Kopo dogo la mililita 50 linatosha midomo kwa miezi mingi. Kama nyumbani mnatumia kopo moja, chota kidogo kwa kijiko safi uweke kwenye kikopo chako, kwa sababu vidole vya watu wengi katika kopo moja vinaweza kusambaza virusi vya malengelenge ya mdomoni.

Wengi husema mafuta ya mgando hayawasaidii, na ukiwauliza wanavyopaka utagundua kosa liko wapi. Mafuta haya hayaleti maji, yanayazuia tu. Ukiyapaka juu ya mdomo mkavu kabisa hayana kitu cha kuzuia. Lowesha midomo kwa maji ya uvuguvugu, igusishe kitambaa laini bila kuisugua, kisha kabla dakika moja haijapita paka kiasi cha punje ya mchele kwa midomo yote miwili mpaka kwenye ncha. Fanya hivyo asubuhi kabla ya kutoka, baada ya kila mlo, na usiku ukishapiga mswaki. Tabaka la usiku liwe nene zaidi, kwa kuwa huli wala huongei na lina saa nyingi za kufanya kazi. Ukifululiza, midomo iliyopasuka hupona ndani ya wiki 2 au 3.

Kasoro zake ni mbili. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa huwa laini mno, na kikopo kisichofungwa vizuri kitachafua mfuko. Kubwa zaidi ni kwamba hayakingi jua.

2. Kijiti chenye kinga ya jua ya kipimo cha SPF 30 au zaidi

Dereva wa bodaboda, mvuvi, mkulima, askari wa barabarani, mwenye genge lisilo na kivuli: kwenu ninyi hiki kinapanda namba moja mchana, na mafuta ya mgando yanabaki kuwa ya usiku. Mdomo wa chini umekaa ukilitazama jua, nao una rangi ya asili ya kujikinga kidogo kuliko ngozi inayouzunguka. Mwinuko nao huongeza ukali. Kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya jua inayounguza huzidi kwa karibu asilimia 10, ndiyo maana baridi ya Mbeya au Nairobi inadanganya, na wapagazi wa Kilimanjaro hushuka na midomo iliyobabuka.

Chagua kinachotumia Zinc Oxide au Titanium Dioxide, madini yanayokaa juu ya ngozi na kwa kawaida hayachokozi. Kosa lake ni kuacha weupe, hasa kwa mwenye ngozi nyeusi sana. Paka kidogo, subiri, paka tena, na weupe utapungua. Oxybenzone na Octinoxate, kemikali nyingine za kukinga jua, huwasumbua baadhi ya watu wenye midomo inayouma tayari, kwa hiyo viepuke mpaka upone. Kijiti cha kawaida kina gramu 4 hivi. Rudia kila baada ya saa 2, na kila ukila au ukinywa, maana kinga yote huondoka na ukingo wa kikombe.

Kwa mtu mwenye ualbino, kijiti hiki ni hitaji la kila siku tangu utotoni. Mjini Moshi hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hayo yanakinga uso na mikono. Mdomoni losheni hufutika upesi, kwa hiyo kijiti kiwe pembeni yake, pamoja na kofia yenye ukingo mpana.

3. Nta ya nyuki iliyochanganywa na siagi ya shea

Hapa ndipo mkono wa nyumbani unapoweza kushindana na kiwanda. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi, hivyo huyapa mafuta uimara hata Tanga wakati wa kaskazi, na tabaka lake hushika mdomoni kuliko mafuta matupu. Kwenye lebo nta huandikwa Cera Alba, shea, siagi ya kokwa za mti wa shea, huandikwa Butyrospermum Parkii. Vitafute mwanzoni mwa orodha, kwani viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Shea ikiwa ya mwisho kabisa, imewekwa kwa ajili ya picha ya kopo.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe, pima kwa mizani, usikadirie kwa kijiko: nta gramu 10, shea gramu 10, mafuta ya nazi gramu 20. Utapata vijiti 10 vya gramu 4. Kwa nyanda za juu zenye baridi punguza nta mpaka gramu 7, la sivyo kijiti kitakuwa kigumu na kitakwaruza.

Nta ya wafugaji wa nyuki wa Tabora au Katavi ni nzuri, ila ikitoka moja kwa moja kwenye mzinga huwa na takataka na harufu ya moshi. Iyeyushe ndani ya maji, chuja kwa kitambaa, iache igande juu, kwangua uchafu wa chini, kisha ianike mpaka ikauke kabisa. Tone la maji likibaki ndani ndilo litakaloozesha mafuta yako. Nta halisi ni ya njano, inanukia asali, na ukiikanda kwa vidole hulainika na kunata kidogo. Iliyo nyeupe, ya kuteleza na isiyo na harufu huenda imechanganywa na ya mshumaa.

Weka bakuli la nta na mafuta ya nazi juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole. Usiweke juu ya moto wenyewe. Nta ikiyeyuka yote, epua, ndipo utie shea, koroga. Dondosha tone kwenye kijiko baridi na usubiri dakika 2. Likiwa gumu mno ongeza mafuta ya nazi gramu 2 au 3, likiwa laini ongeza nta gramu 1. Mimina kwenye vikopo vilivyokaushwa, uviweke kwenye friji vigande haraka. Shea iliyoachwa ipoe taratibu hufanya chembechembe kama za sukari. Hazidhuru, lakini hazipendezi. Usitumie mafuta ya alizeti kama unataka kuyahifadhi, kwa sababu huchacha mapema. Wala usitie asali; haichanganyiki na mafuta, itatuama chini na kunata.

4. Shea tupu, mafuta ya nazi, mafuta ya nyonyo

Shea ya kaskazini mwa Uganda, inayokamuliwa Lango na Acholi, ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na huyeyuka mara tu inapogusa ngozi. Nzuri sana usiku. Rangi yake iwe ya maziwa au njano hafifu, na harufu ya karanga isiwe ya uchachu. Nyonyo ni nzito, hushika vizuri, na wasiopenda mafuta ya mgando watatosheka nayo.

Mafuta ya nazi tumeyaweka chini makusudi, tukijua wapwani hawatafurahi. Huyeyuka kwenye nyuzi 24 tu, maana yake Zanzibar ni maji mchana kutwa. Hulainisha haraka, na haraka vilevile hutoweka, ukalazimika kupaka tena baada ya saa moja. Ndani ya mchanganyiko na nta yanafaa mno. Peke yake ni ya kuokoa jahazi.

5. Gliserini

Huvuta maji, haifuniki. Kwenye hewa ya unyevu ni sawa, ila kwenye upepo wa Dodoma, ikipakwa bila kuchanganywa, inaweza kuyavuta kutoka ndani ya mdomo wenyewe. Kama unayo tayari, changanya tone moja na matone mawili ya maji safi, paka, kisha funika kwa mafuta ya mgando.

Ya kuacha dukani

Yale yanayochoma au kuleta ubaridi. Menthol, kafuri ambayo huandikwa Camphor, mikaratusi, mdalasini, fenoli na Salicylic Acid huuchokoza mdomo. Ule msisimko wengi huudhani ni dawa inafanya kazi. Mtu hupaka, anapata nafuu ya dakika chache, ngozi inawashwa na kubanduka, anapaka tena. Ukiona unahitaji kijiti chako kila nusu saa na bado midomo ina magamba, acha hicho kijiti kwa wiki 2 utumie mafuta ya mgando peke yake. Lipshaini zenye ladha ya matunda zina tatizo jingine: zinamshawishi mtoto kulamba, na mate yakikauka huacha mdomo mkavu kuliko ulivyokuwa.

Mafuta yanayoahidi midomo ya pinki yakatae kabisa. Mengine hubeba haidrokwinoni au zebaki, kemikali za kuchubua ngozi, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya, na kilichopakwa mdomoni humezwa.

Tanzania tafuta alama ya TBS, mamlaka ya viwango, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi. Kenya unaweza kuhakiki kibali cha KEBS, mamlaka ya viwango ya huko, kwa kutuma neno SM, alama ya # na namba ya kibali kwenda 20023. Mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa wenye 12M una maana ya miezi 12 tangu ulipofungua. Andika tarehe hiyo kwa kalamu chini ya kopo.

Kuna midomo ambayo hakuna mafuta yatakayoiponya. Ncha zikichanika pande zote mbili na kuuma ukipiga mwayo, mara nyingi ni fangasi au upungufu wa madini ya chuma au vitamini B, na hilo ni la zahanati. Ukavu ulioanza ulipobadilisha dawa ya meno, rudia ile ya zamani, isiyo na mdalasini wala mnanaa mkali. Doa jeupe au kidonda kwenye mdomo wa chini kisichopona baada ya wiki 3, hasa kwa mtu mwenye ualbino au anayeshinda juani, kionwe na daktari wa ngozi bila kuchelewa.