Kipimamvua cha inchi nne baada ya msimu mzima Mikindani

Kipimamvua ninachokieleza hapa ni cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga, chenye mdomo wa inchi nne, yaani takriban sentimita kumi, na ni cha aina ileile inayotumiwa na wapima mvua wa kujitolea wa mtandao wa CoCoRaHS nchini Marekani. Nimekitumia hapa Mikindani, mkoani Mtwara, tangu mvua za kwanza za Novemba hadi zilipokatika mwezi Mei, nikikisoma kila siku saa tatu asubuhi, na nimeendelea kukisoma katika miezi ya kusi ambayo wengi huiona haina cha kupimwa. Chombo hiki kinasema kweli kuhusu mvua, nami nimekipenda kwa sababu hiyo, ingawa vitu vidogo vinavyokuja pamoja nacho vimenisumbua kuliko nilivyotarajia.

Nilikinunua kwa sababu ya Kimbunga Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania, eneo la Mafia, tarehe 4 Mei 2024. Siku zile barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja kusini ilikatika wilayani Kilwa, na kila mtu alikuwa akizungumzia wingi wa mvua, lakini mimi niliyekuwa nikijiita mfuatiliaji wa hali ya hewa kwa miaka mingi nilikuwa na ndoo na rula. Ndoo haiwezi kupima mvua ipasavyo, kwa kuwa mdomo wake ni mpana kuliko kitako, na hivyo kina cha maji yaliyomo huwa kikubwa kuliko mvua iliyonyesha. Chupa ya maji iliyokatwa shingo, ambayo niliitumia kabla ya hapo, ina kitako chenye vibonde, na upepo wa kaskazi ukivuma huiangusha hata ukiizungushia mawe. Nilikuwa na madaftari yaliyojaa tarakimu ambazo sikuweza kuzilinganisha na za mtu mwingine yeyote, na jambo hilo liliniuma.

Muundo wa kipimamvua hiki ni mwepesi kuuelewa. Faneli iliyo juu inapokea mvua na kuiteremsha kwenye bomba jembamba la ndani, ambalo eneo la mdomo wake ni sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo wa faneli. Kwa hiyo mvua ya inchi moja husimama ndani ya bomba kwa urefu wa inchi kumi, na jicho la kawaida linaweza kutofautisha mvua ndogo sana bila miwani wala kubahatisha. Bomba likijaa, maji humwagikia kwenye silinda kubwa ya nje, ambayo kwa jumla hupokea hadi inchi kumi na moja, sawa na milimita 280 hivi. Asubuhi unaandika kilichomo kwenye bomba, unalimwaga, kisha unamimina ndani yake maji ya silinda kidogo kidogo na kujumlisha. Uso wa maji ndani ya bomba hupanda pembeni na kubonyea katikati, na inayosomwa ni sehemu ya chini ya mbonyeo huo, jicho likiwa usawa mmoja na maji.

Kabla ya kukiamini nilikijaribu. Eneo la mdomo wake ni takriban sentimita za mraba 81, na kwa hesabu hiyo inchi moja ya mvua ni mililita 206 za maji. Nilinunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa, nikapima mililita hizo 206 na kuzimimina polepole kupitia faneli, na maji yalisimama chini ya alama ya inchi moja kwa upana wa mstari mmoja tu. Nilirudia mara tatu, na matokeo hayakubadilika. Kwa chombo kisicho na betri wala waya, sikutarajia usahihi wa kiwango hicho.

Hapo ndipo ilipo kasoro ya kwanza, ambayo si ya chombo bali ya aliyekiuza. Niliagiza chenye alama za milimita, nikatumiwa cha inchi, na muuzaji wa mtandaoni hakujibu barua zangu mbili. Taarifa za mvua nchini mwetu hutolewa kwa milimita, kwa hiyo kila asubuhi nalazimika kuzidisha kwa 25.4, kazi ambayo si ngumu lakini inafungua mlango wa makosa. Nimeandika jedwali na kulibandika ndani ya jalada la daftari, na nimeamua kuandika safu zote mbili, inchi kama nilivyozisoma na milimita kama nilivyozikokotoa, ili kosa la hesabu lisipoteze usomaji wenyewe. Anayekusudia kununua ahakikishe kwa picha ya bomba la ndani, wala asitosheke na maelezo ya tangazo.

Mahali pa kukiweka pananifanya niandike kwa kirefu, kwa kuwa kipimamvua kizuri kilichowekwa pabaya hakina faida kuliko ndoo. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kizuizi chochote kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake, maana yake mnazi wa mita 12 uwe umbali wa mita 24, na katika ua wa kawaida wa Mikindani nafasi ya namna hiyo ni adimu. Mwanzoni nilikifunga karibu na ukuta wa jiko, upande ambao mvua za kaskazi zilikuja kwa mshazari na paa likazikinga. Baada ya kugundua kosa nilikihamishia shambani, kwenye nguzo ya mbao iliyosimama wazi. Ncha ya nguzo niliikata mshazari kuelekea upande usio na kipimamvua, na mdomo wa faneli uko juu ya ncha hiyo, ili matone yanayogonga mbao yasirukie ndani. Fundi alisimamisha nguzo kwa timazi na kuukagua mdomo kwa pima maji, jambo ambalo nalisisitiza, kwa sababu mdomo uliolala upande hupokea mvua pungufu au zaidi kulingana na upepo unakotoka. Hata hivyo, dhoruba yenye upepo mkali hupitisha sehemu ya mvua juu ya kipimamvua bila kuingia, na udhaifu huo unavihusu vipimamvua vyote vinavyosimama juu ya ardhi.

Saa tatu asubuhi nimeichagua kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo saa ambayo vituo vya hali ya hewa husoma mvua ya saa 24 zilizopita, na hivyo tarakimu zangu zinaweza kuwekwa kando ya za kituo cha uwanja wa ndege wa Mtwara. Nimejifunza kwamba Mikindani na mjini, licha ya ukaribu wao, hazinyeshewi sawa. Wingu la Januari huweza kulowesha upande mmoja wa ghuba na kuuacha upande wa pili mkavu.

Mtwara na Lindi hatuna vuli na masika kama wenzetu wa kaskazini mwa pwani. Tunao msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili na pengine mwanzoni mwa Mei, na katika msimu huo chombo hiki kimebadilisha jinsi ninavyosema neno mvua. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ekari iliyopata milimita 25 imepokea takriban lita laki moja za maji. Mvua ya kwanza yenye radi na kelele nyingi juu ya bati, ambayo zamani ningeiita kubwa na kukimbilia jembe, mara kadhaa ilionekana kwenye bomba kuwa ndogo mno, na nilisubiri. Jirani yangu aliyepanda mahindi siku hiyohiyo alilazimika kurudia mbegu, na tangu hapo hupita uani asubuhi kuniuliza, "Dada, ya jana imefika ngapi?" Namwambia, naye huamua.

Kwa wenye mikorosho faida nyingine iko katika miezi ya kiangazi. Kuanzia Juni, mikorosho inapoelekea kuchanua, manyunyu ya kusi na unyevu wa asubuhi za baridi huambatana na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua ya mikorosho, na mkulima anayepuliza salfa anahitaji kukumbuka siku zenye manyunyu. Bomba la ndani linaonyesha manyunyu ambayo rula isingeyaona kamwe. Matone yasiyofikia mstari wa kwanza nayaandika "matone", siku kavu naiandika sifuri, na siku ambayo sikusoma naiacha wazi, kwa sababu sifuri na nafasi tupu si kitu kimoja. Umande peke yake siuhesabu. Baadaye, korosho zinapoanikwa kuanzia mwishoni mwa Septemba, rekodi hiyohiyo inasaidia kujua mvua za mapema zimekuja lini na kwa kiasi gani.

Kijikaratasi cha maelekezo kina sehemu ndefu kuhusu theluji, nami niliisoma kwa shauku. Kabla ya dhoruba ya majira ya baridi, mpima mvua wa jimbo la Colorado, Marekani, huondoa faneli na bomba la ndani, ili theluji iingie moja kwa moja kwenye silinda na bomba lisipasuke kwa kuganda. Kisha huiyeyusha kwa kuongeza maji ya moto aliyoyapima, na kuyatoa katika hesabu. Mtandao wao wa CoCoRaHS ulianza mwaka 1998, baada ya mafuriko yaliyoupiga mji wa Fort Collins, jimboni humo, mwezi Julai 1997, wakati mvua ilipotofautiana sana kati ya sehemu za mji mmoja. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka watu wa Kilwa.

Huku kwetu faneli haiondolewi isipokuwa wakati wa kusoma na kuosha, kwani ndiyo inayozuia jua kuyakausha maji ya bomba kabla ya kusomwa. Adui zake ni wengine. Maua makavu ya mwembe huziba tundu lake, buibui hutanda ndani, na kunguru hupenda kutua ukingoni, hivyo nakiosha kila Jumamosi kwa brashi laini na sabuni. Maji yasiachwe ndani hata siku mbili, maana mbu hawachagui mazalia. Skrubu zilizokuja nacho zilishika kutu kabla ya msimu kwisha kwa sababu ya hewa ya bahari, nikazibadilisha kwa za chuma kisichoshika kutu. Kishikio nacho ni chembamba na kimeanza kuonyesha ufa upande unaopigwa na jua. Plastiki ya silinda imefifia kidogo, ila alama za bomba bado zinasomeka vizuri.

Nilijaribu pia kifaa cha kielektroniki cha ndugu yangu aliyeko Lindi, chenye vikombe vidogo vinavyopinduka kila vinapojaa. Kinafaa kujua mvua imenyesha saa ngapi, jambo ambalo changu hakiwezi kunieleza, lakini mvua ikimwagika kwa nguvu vikombe haviwahi, na jumla hupungua. Tulipoweka vyote viwili pamoja kwa siku chache za Machi, niliamini bomba langu.

Pamoja na usafirishaji, kilinigharimu zaidi ya laki moja na nusu. Kwa mwenye ekari mbili bei hiyo ni nzito, na ningependekeza wanachama wa chama kimoja cha msingi cha ushirika wachangie kimoja, wakisimike penye uwazi, na wamteue mtu mmoja wa kukisoma saa tatu. Msimu ujao ninaagiza bomba la ndani lenye alama za milimita, ambalo huuzwa peke yake, na kishikio cha pili cha akiba.