Shule ya udereva hapa Tabora mjini: wanafundisha vizuri, ila somo la jioni wameliruka

Nimeendesha treni kwenye Reli ya Kati hadi nikastaafu, kwa hiyo mjukuu wangu alipotimiza miaka 18 na kutaka kusomea udereva wa gari, sikuanza kwa kuuliza ada. Niliuliza: darasani wanakaa, au wanapakiwa garini siku ya kwanza? Kuwasha na kuondoka ni kazi ndogo. Kazi ni kusimama.

Shule ni ndogo: chumba kimoja chenye mabenchi, ubao, na Corolla ya gia yenye breki ya pili upande wa mwalimu. Ada tulilipa kwa awamu mbili na risiti tukapewa. Kabla ya hapo yupo mtu aliyetushauri tununue cheti mahali pengine, binti akajifunzie kwenye gari la mjomba wake. Nilikataa palepale. Cheti cha kununua huenda kikakufikisha kwa trafiki na TRA, mamlaka ya mapato inayotoa leseni, lakini ng'ombe akikatiza barabara hakikusaidii kitu.

Mwanzoni hawakumpa usukani. Alirudi nyumbani analalamika, "Babu, tunachorachora tu." Mimi nikafurahi. Mwalimu huchora kipilefti sakafuni kwa chaki, wanafunzi wenyewe wanatembea kama magari: huyu anaingia, huyu anamsubiri anayetoka kulia kwake, asiyeonyesha indiketa anarudishwa nje aanze upya. Wanacheka, lakini wakitoka hapo wanajua nani ampishe nani, jambo ambalo madereva wengi wazima wa mji huu wanalibahatisha.

Somo lililonigusa zaidi nililishuhudia mwenyewe, maana siku hiyo nilimsindikiza uwanjani. Mwalimu alipima mita 14 kwa utepe, akamwaga mstari wa majivu. Akasema: ukienda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa kwenye makazi, huu ndio umbali unaoupita kwa sekunde moja. Kisha akampa kijana mmoja simu, asome meseji kwa sauti huku wenzake wanahesabu sekunde. Walipofika tatu akamsimamisha, wakatembea naye mita 42, mstari baada ya mstari, kimya. "Huko kote," mwalimu akamwambia, "gari limekwenda, wewe hukuwepo." Mjukuu wangu tangu siku hiyo simu huiweka kwenye mkoba, mkoba kiti cha nyuma.

Hilo peke yake kwangu linatosha kulipia ada. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Zinatangulia malaria na UKIMWI. Mtaani kwetu tumeshazika vijana waliojua gia na klachi barabara. Walichokosa ni mtu wa kuwafundisha kuuogopa mwendo.

Sasa upungufu. Mazoezi yote ni ya mchana, na yote ni ya mjini: stesheni, sokoni, Isevya, kurudi. Barabara ya Nzega hawakuigusa. Huko lami imenyooka, mguu unajikandamiza wenyewe kwenye mafuta, na giza la jioni likianza kuingia baiskeli za mkaa hazina taa, mifugo inarudi zizini, na lori linalokuja mbele limekuwashia taa kali usoni. Kijana aliyezoea matuta ya mjini atayajifunzia wapi hayo? Peke yake, akiwa tayari na leseni mfukoni. Nilimweleza mkuu wa shule, akanijibu kuwa mafuta ni ghali. Namwelewa. Basi atutajie bei ya somo la jioni, wazazi tutaongeza.

Jingine: darasani sikumwona bodaboda hata mmoja. Wale vijana wanaolala na kuamka barabarani ndio wangekaa benchi la mbele. Shule ingefungua darasa lao saa nane mchana, abiria wakiwa wachache, kwa ada ya kulipa kidogo kidogo, na waanze na kofia ngumu: si ya kuning'inizwa kwenye usukani, ya kuvaliwa na kufungwa kamba, na ya abiria pia iwepo.

Ukienda, omba uwekwe kwa mwalimu wa asubuhi. Yule wa mchana ana moyo mzuri, lakini nilimwona anapokea simu huku mwanafunzi yuko kwenye usukani, na nilimwambia usoni kwamba hivyo anafuta alichofundisha mwenzake. Aliomba radhi.

Binti amefaulu mtihani wa trafiki. Somo la jioni tunampa sisi nyumbani, njia ya Kipalapala, baba yake akiwa kiti cha pembeni. Shule ikilianzisha, mdogo wake naye nitampeleka hapohapo.