Pentax K1000 bado inanipa raha
Jamani hii kamera ya mkanda naipenda, yani kuanzia 1976 mpaka 1997 waliitengeneza karibu vilevile tu na ukiishika unaelewa kwa nini, nzito, shata (kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga) inafanya kazi hata bila betri, betri ni ya kupimia mwanga basi. Ukichungulia kuna kisindano cha kipima mwanga upande wa kulia, unazungusha pete ya lenzi mpaka kikae katikati, unabonyeza, halafu ule mlio wake sasa! Mkanda una picha 36 kwa hiyo lazima utulie, kwenye simu ningeshapiga mia. Lenzi yake ya 50mm nimeifunga kwa adapta kwenye kamera ya dijitali, sura za watu zinatoka laini mno. Ukinunua angalia sponji za mlango wa nyuma, zikioza mwanga unapenya, na usiiache bila kifuniko cha lenzi, mwanga ukiingia kipimo kinaendelea kufanya kazi na betri itaisha.