Kihamba na Hifadhi ya Msitu, Kilimanjaro

Katika kihamba cha Mchaga, yaani shamba la nyumbani la ukoo, miti mirefu huifunika migomba, migomba huifunika mibuni, na maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, hupita ukingoni. Ndivyo udongo wa mteremko ulivyoshikwa kwa vizazi. Hifadhi ya msitu, iliyotangazwa na Waingereza mwaka 1921, ililinda vyanzo vya maji kwa mipaka. Ukanda wa nusu maili ukingoni mwa msitu, uliotengwa mwaka 1941, uliwaachia wanavijiji kuni na majani ya ng'ombe, lakini msitu ulipoingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, nafasi hiyo ilibanwa. Mpaka huzuia shoka vizuri zaidi, nakiri. Hata hivyo naona kihamba kinastahili heshima kubwa kuliko mpaka huo, ingawa kila kinapogawiwa wana, huzidi kuwa chembamba.