Derringer kwa mfanyabiashara wa Mwaloni: nilivyoiona nilipokuwa nayo

Wenzangu hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wanajua kwamba nilipokuwa naishi Texas nilimiliki derringer, yaani bastola ndogo sana ya mfukoni, na swali lao ni lile lile: je, kale kabastola kanaweza kumsaidia mtu anayetembea na fedha za dagaa au mabondo (vifuko vya hewa vya samaki) alfajiri? Ni swali la haki kabisa. Biashara yetu bado ina fedha taslimu nyingi, inaanza kabla hakujapambazuka, na mtu akishajulikana ana mzigo wa fedha hawezi kutembea na moyo mweupe.

Ya kwangu ilikuwa na mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, na ilitumia risasi za .38 Special. Umbo hilo ni la siku nyingi. Remington walilitengeneza kuanzia mwaka 1866 hadi 1935, na nyingi za leo zinafuata mfumo ule ule: unalegeza kitasa, mitutu inanyanyuka, unachomeka risasi mbili, unafunga. Haina magazini, yaani kile kisanduku cha kupangia risasi, kwa hiyo hakuna ganda la kukwama katikati. Hapo naisifu bila kusita. Ni nyembamba pia, inakaa mfukoni bila kutuna.

Shida inaanza ukiitoa.

Bastola nyingi za kisasa, ikishakuwa na risasi kwenye chemba, unavuta kifyatulio basi. Derringer ya aina hii lazima uikoki, yaani uvute nyundo nyuma kwa dole gumba, kila risasi. Nyundo yake ni ndogo na springi yake ni ngumu. Kwenye uwanja wa kulenga shabaha, ukiwa umetulia, miguu imekaa sawa, unaizoea. Sasa fikiria uko pale kwenye ngazi za kushukia mitumbwini, vidole vina utelezi wa magamba ya samaki, mkono mmoja umeshika mfuko. Dole linateleza. Na mkono wa pili, ambao ndio ungekusaidia, huyo aliyekuvamia ameshaukamata. Kifyatulio chenyewe ni kizito, na mpini ni mfupi kiasi kwamba kidole cha mwisho hakina pa kushika, kwa hiyo unapovuta, mdomo wa bastola unainama chini. Kwenye hatua tatu nilikuwa napiga karatasi vizuri. Kwenye hatua saba, risasi ya mtutu wa juu na ya mtutu wa chini zilikuwa zinatua mbalimbali, na hiyo ni karatasi, haisogei wala haina panga.

Teke lake ni kali, kiganja kinabaki kinauma. Mtu akiumia hivyo hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi na silaha ngumu hivi ni heri asiwe nayo.

Baada ya risasi mbili, umemaliza. Kufungua, kutoa maganda na kuchomeka nyingine ni kazi ya mikono miwili na macho yako yote. Wezi wa huku kwetu mara nyingi hawaji peke yao. Halafu ukiangalia uzito unashangaa: ya kwangu, chuma kitupu, ilikaribia gramu 600, wakati Glock 43, bastola ndogo ya kisasa yenye magazini ya risasi sita, ni kama gramu 500. Unabeba kizito zaidi upate risasi chache zaidi.

Watu hupenda kutaja kwamba John Wilkes Booth alimpiga Rais Lincoln wa Marekani risasi iliyomuua kwa kabastola ka jamii hii, ka mtutu mmoja, pale ukumbi wa maigizo wa Ford's Theatre, Aprili 14, 1865, kwa risasi moja tu. Ni kweli. Lakini Booth alichagua saa, akaja kwa nyuma, akafyatua karibu kabisa na mtu aliyekuwa anatazama mchezo. Anayejihami hana nafasi hata moja kati ya hizo.

Hapa nyumbani Tanzania kuna pia suala la leseni. Silaha ya kiraia inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi yanapita polisi. Kama umeamua kuifuata njia hiyo ndefu, sioni sababu ya kuishia kwenye risasi mbili. Mimi nimechagua kupunguza fedha mkononi: mteja wa mabondo analipa benki au kwa simu, na zile za wavuvi tunazipeleka kukiwa kumekucha, tukiwa kundi. Wapo wanaosema hiyo inachelewesha biashara, na ni kweli inachelewesha kidogo.

Jambo moja zaidi kwa wale wanaoonyeshwa derringer kuukuu kwa siri na kuambiwa ni bei ya kutupa. Mbali na kwamba kuinunua bila kibali ni kosa la jinai, nyingi za zamani nyundo yake ikiwa imelala inagusa pini ya kulipulia risasi, na pini inagusa kitako cha risasi. Ikidondoka kwenye sakafu ya saruji inaweza kujifyatua yenyewe, na mfukoni mtutu unaelekea pajani.